Siku Nilipoingia Kortini na Gunia Kichwani

Kuna watu hapa Kitui mpaka leo wakiniona napita hufunika vichwa vyao kwa chochote walicho nacho, kofia, gazeti, hata sinia, halafu wanacheka mpaka wanakaa chini, na watoto wangu wameniuliza mara nyingi kuna nini, nami nimekuwa nikiwadanganya kwamba hiyo ni salamu ya wazee wa zamani. Si salamu. Ni aibu yangu mimi, niliyoitafuta mwenyewe kwa mikono miwili, na kwa kuwa mmeshakunywa chai yangu na sioni mtu anayeinuka kwenda zake, wacha niwaeleze wote pamoja ili mwache kunong'onezana pembeni.

Ilikuwa miaka ile ya Emajensi, wakoloni walipotangaza hali ya hatari na kukamata watu ovyo. Mimi nilikuwa dereva Nairobi kwa tajiri mmoja Mhindi aliyeuza mabati na misumari, na mwaka huo akanipa likizo, na kwa vile nilikuwa sijawahi kumgongea gari akaniachia pikapu yake kuukuu niende nayo nyumbani Kibwezi, ila kwa sharti, kwamba ikirudi imekwaruzwa au ikichelewa, niiache mlangoni pake na nisiingie ndani. Pikapu yenyewe hamngeiokota barabarani. Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa waya tangu siku nyingi na haukufunguka hata kwa dua, kwa hiyo wa kuingia na wa kutoka wote tulipitia mlango wa dereva. (Kumbukeni huo mlango, maana ndio ulioniua.) Lakini mimi nikiwa nyuma ya ule usukani nilijiona gavana.

Likizo ile ilikuwa na kazi moja tu, kupeleka ntheo. Kwa asiye Mkamba, ntheo ni wale mbuzi ambao ukishawapeleka kwa wazazi wa msichana na wakapokewa, huyo msichana ni mke wako, mengine ya mahari yatafuata polepole hata kwa miaka, lakini bila ntheo huna mke, una rafiki. Wangu alikuwa Kalunde, binti wa mzee Mutua wa Museve, kilimani pale karibu na mji wa Kitui, na jinsi nilivyompenda sitaeleza mbele yake maana amekaa hapo jikoni anasikiliza. Taabu ilikuwa baba yake. Mzee Mutua hakutaka kusikia habari za watu wa Nairobi, alisema wamepoteza adabu huko, na kwa sababu ya kazi yangu tulikuwa tumemsogezea siku mara mbili, basi mara ya tatu akatuma neno fupi, Jumamosi hii, la sivyo hao mbuzi tuwale wenyewe na Kalunde asitajwe tena.

Na adabu aliyokuwa anaisema kubwa kuliko zote ni nthoni. Kwetu mwanamume haonani na mama mkwe wake. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima. Ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani, naye anafunika uso kwa leso na kugeuka, jina lake hulitaji, na mkono humpi, mpaka siku moja baadaye sana utakapompa zawadi ya kuiondoa hiyo nthoni. Kalunde alikuwa amenionyesha mama yake mara moja tu, kwa mbali sana, ng'ambo ya bonde, ili nijue ni nani wa kumkimbia. Nilimtia akilini kwa leso yake nyekundu na kwa mwendo, alikuwa anatembea kama mtu aliyeitwa mara mbili.

Basi Ijumaa nikaondoka Kibwezi asubuhi na mapema na mbuzi wangu watatu nyuma, kwa ile barabara ya Mutomo, vumbi mpaka kwenye meno. Baba na wazee walikuwa wametangulia kwa mjomba wangu karibu na Museve na kazi yangu ilikuwa kufika hapo, basi. Mama yangu mzazi aliniambia wakati natoka, "Pita njia ya nyuma, usiingie mjini, mjini kuna maneno." Nikamwambia sawa mama. Halafu nilipofika pale njia zinapogawanyika nikafikiri, sasa mimi nimetoka Nairobi na pikapu, nimevaa koti, nimepaka mafuta nywele, nipite kichakani nionwe na nani? Na sababu nikajipatia, nikasema nitanunua sigara za wazee. Uongo. Wazee wale walikuwa wa ugoro.

Nikaingia mjini polepole, kiwiko nje ya dirisha, nikazunguka sokoni mara moja, nikaona watu hawakunitazama vya kutosha, nikazunguka tena. Mara ya pili hiyo nikapandisha upande wa ofisi ya Bwana D.C., mkuu wa wilaya, barabara nzuri ile yenye mawe yaliyopakwa chokaa huku na huku, na hapo mbele yangu, katikati ya barabara, kikapu cha kyondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, leso nyekundu, mwendo wa mtu aliyeitwa mara mbili. Anakuja moja kwa moja kwangu.

Jamani, hapo dereva alikufa akabaki mkwe. Nilikata usukani kwanza, kufikiri baadaye, nikaingia katikati ya mawe mawili ya chokaa kwenye kijinafasi kimoja safi kabisa kando ya ua wa ofisi, nikazima, nikalala chini kule kwenye miguu, nikavuta gunia la makaa lililokuwa hapo (tajiri alikuwa analitumia kufutia mikono) nikajifunika. Nikasema moyoni, atapita, nitahesabu pumzi kidogo nitoke. Kibao cha mbele yangu sikukiona. Kiliandikwa kwamba hapo ni mahali pa gari la D.C. peke yake, na kwa herufi ambazo hata mbuzi wangu wangezisoma.

Hakupita. Jua lilikuwa kali na miti ya upande ule ilikuwa imekatwa karibuni, kivuli pekee kilichokuwepo barabara nzima ni cha pikapu yangu, na kilikuwa upande wa dereva. Nikasikia kyondo kinatuliwa, nikasikia mtu anasema "Ngoja tupumzike hapa kwanza," na mgongo wa mama mkwe wangu ukaegemea mlango wangu. Mlango ule mmoja. Alikuwa na rafiki yake, mama mmoja wa sauti nene, wamekuja kununua sukari na majani ya chai kwa ajili ya wageni wa kesho. Wageni wenyewe ni mimi.

Wakaanza kuniongelea. Yule rafiki akasema, "Huyo mkwe wako wa Nairobi, umemwona?" Mama akasema hajamwona, na akitaka Mungu hatamwona karibuni. Rafiki akacheka, akasema, "Hawa wa Nairobi hawajui nthoni, kesho utashangaa amekuja kukusalimia kwa mkono kama mzungu." Halafu mama akasema pole pole, na mimi chini ya gunia nikasikia kila neno, "Mimi ndiye niliyemtetea huyo kijana kwa Mutua. Mutua alikataa kabisa. Lakini akinionyesha uso wake kabla ya wakati wake, mimi mwenyewe nitafunga mlango na binti yangu atabaki ndani."

Mnaona nilipokuwa. Nikifungua mlango, mama anaanguka mikononi mwangu. Nikikohoa, Kalunde ameenda. Makaa yameniingia puani, mguu mmoja umekufa ganzi, na nyuma kule nikasikia mbuzi wangu wa madoa ameshatafuna kamba yake na kuruka chini. Mbuzi yule hakwenda mbali. Alikwenda kwenye maua mekundu ya ofisi, yale yaliyomwagiliwa maji kila jioni na wafungwa wakati sisi wengine tunachimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa, na kwa sauti niliyoisikia aliyapenda sana.

Akaja askari. Buti nilizisikia kwanza. "Gari la nani hili?" Wale mama wakasema hawajui, wamelikuta. "Na mbuzi?" Hawajui. Nikasikia anaandika karatasi, anaipachika kwenye kioo, na kumbe ndiyo samansi yangu, hati ya kuitwa kortini kwa kusimamisha gari mahali palipokatazwa, na kama angekwenda zake na karatasi yake mambo yangekuwa madogo. Lakini akachungulia kwa upande wa kushoto. Tukatazamana, yeye na jicho langu moja.

"Wewe. Toka."

Nikatikisa kichwa.

"Toka nakwambia."

Nikamwonyesha kwa kidole mlango wa dereva, nikamwonyesha kwamba huko siwezi, nikaweka mikono pamoja kumwomba. Sasa fikirini ni miaka gani. Mtu amejificha chini ya gunia ndani ya gari lenye namba za Nairobi, mbele ya ofisi ya D.C., hataki kusema. Askari yule akapiga filimbi mpaka masikio yangu yakafunga. Wakaja wengine, wale mama wakasogezwa, mlango ukafunguliwa, nikavutwa kwa kifundo cha mguu, na mimi kwa akili yangu yote iliyobaki nikalivuta lile gunia likaingia kichwani mpaka mabegani, nikatoka hivyo. Wakitaka wanitie pingu, wakitaka wanipige, lakini uso wangu mama yule hatauona.

Akili nzuri, sivyo? Wakanishika mikono kunipeleka kortini, na njia ya kortini inapita sokoni. Nyinyi vijana hamjui, lakini siku hizo habari zilikuwa zimefika kila mahali za wale watu wa kufunikwa gunia, wenye matundu mawili ya macho, wanaoletwa na askari kuonyesha kwa kidole nani achukuliwe. Soko la Kitui likainua macho likaona askari wawili na mtu wa gunia katikati. Wauzaji wakaacha kupima. Halafu nikateleza, nikainua mkono kujishika, na mkono huo, kwa bahati mbaya, ukaelekea kwa muuza maharagwe.

Sitasahau. Maharagwe yaliruka juu. Soko zima liliondoka, wamama, kuku, fundi wa baiskeli na baiskeli ya mwenyewe, mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa akapita mbele yangu na povu nusu ya uso. Nikawa nawaita kutoka ndani ya gunia, "Rudini, mimi ni mtu wa ntheo tu," na kadiri nilivyoita ndivyo walivyoongeza mbio.

Kortini nikasimamishwa mbele ya mzee wa korti, Mkamba mwenye miwani na sauti ya taratibu, na kando yake karani Salim, mtu wa familia za Waswahili wa mjini hapa, kanzu safi, anatazama saa kila mara kwa sababu sala ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Mashtaka yalikuwa yamezaa njiani. Kusimamisha gari mahali pa D.C. Kukataa amri ya askari. Kutawanya soko. Na mbuzi kula maua ya serikali.

"Kwanza toa hilo gunia," mzee wa korti akasema.

Nilikuwa nataka kulitoa, walahi, nilikuwa sipumui tena. Lakini gunia lina matundu yake madogo, na kwa matundu hayo nikaona askari anawaingiza mashahidi, wale waliokuwa karibu na gari. Leso nyekundu ikakaa benchi la mbele.

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini huwezi?"

"Siwezi kusema, mzee."

"Kuna mtu hapa unamwogopa?"

"Simwogopi mtu, mzee. Namheshimu."

Watu wakaguna. Na mnaweza kuniuliza, kwa nini sikusema tu? Nitasemaje? Mama wa watu ameegemea mlango wa mkwe wake muda wote ule, ameongea habari zake na za bwana wake, na mkwe amesikia yote, halafu nimtangaze mbele ya korti? Hiyo aibu ingemkalia yeye mpaka kaburini. Nikaona bora nifungwe. Kalunde nikamuaga moyoni mwangu pale pale, na sioni haya kusema kwamba nililia ndani ya lile gunia, machozi na makaa pamoja.

Karani Salim akachoka. Akachukua pasi yangu ya kusafiria waliyoitoa mfukoni mwangu akaisoma kwa sauti, jina langu Musyoka, jina la baba yangu, na kwetu, Kibwezi.

"Wuui," akasema mama mkwe wangu, na leso nyekundu ikapanda juu ya kichwa chake, akageukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Karani akatutazama, huyu gunia, huyu leso, migongo tumepeana, akamwuliza mzee wa korti kwa sauti ndogo, "Mzee, hawa wawili wamepatwa na nini?" Mzee wa korti alikuwa ametoa miwani anaifuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baada ya hapo kesi yangu iliendeshwa kupitia kwa karani. Mama akaongea na ukuta wake. "Karani, mwambie mzee wa korti huyo mtu hakukataa amri ya askari. Hakuweza kutoka, mlango nilikuwa nimeuegemea mimi. Kama hilo ni kosa, aandike jina langu." Karani akamwambia mzee wa korti, ambaye alikuwa amesikia vizuri sana. Halafu mama akaongeza, taratibu zaidi, "Na mwambie huyo mwenye gunia, kama alisikia maneno, basi alisikia ya ukweli." Karani akaja mpaka kwenye sikio la gunia akaniambia. Nikamwambia amjibu sikusikia kitu, nilikuwa nimelala. Akamwambia. Nikasikia leso inacheka.

Mzee wa korti akavaa miwani. Akasema kukataa amri kumefutwa, soko limejitawanya lenyewe, lakini la gari liko pale pale. "Nthoni nimeielewa," akasema. "Lakini gari halina mama mkwe. Ungeweza kuliacha mbele kidogo ukakimbia kwa miguu, kama sisi tulivyokuwa tunakimbia." Faini ya gari, malipo ya maua, na juu yake gharama za korti, ambazo mpaka leo sijaelewa ni za nini, maana kazi yote ilifanywa na karani. Nikalipa, mbuzi wa madoa nikarudishiwa, mfuko wa likizo ukabaki na funguo tu. Mama akatolewa kwanza kwa mlango wa mbele, mimi nikaambiwa nisubiri mpaka apotee kabisa, ndipo nikavua gunia, na uso wangu ulikuwa mweusi wa makaa wenye mifereji miwili ya machozi, na ndiyo siku ya kwanza karani Salim kuchelewa sala kwa sababu ya kucheka.

Kesho yake tukapanda Museve na mbuzi, baba, mjomba, wazee na mimi. Habari ilikuwa imetutangulia. Mzee Mutua alituketisha, halafu akasema, "Nimeambiwa miongoni mwenu kuna mtu aliyesimama kizimbani jana. Nilisema watu wa Nairobi siwataki, mkaniambia huyu ni tofauti. Sasa rudini na mbuzi wenu. Mtu wa samansi hatamwoa binti yangu." Baba yangu akatazama viatu vyake. Mimi nilijua imekwisha, na la kusema nilikuwa nalo lakini si langu kulisema.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa udongo, haina haraka.

"Mwambieni mwenye boma hili kitu. Siku aliyokuja yeye kunichumbia, alimkuta mama yangu kisimani. Hakuingia kichakani. Hakugeuza uso. Alisimama akamwuliza, leo pombe iko kwa nani."

Mjomba wangu akaingiza ugoro mwingi puani ili apate sababu ya kufuta macho.

"Na mama yangu alinipa kwake," sauti ikaendelea. "Sasa huyu amekubali kufungwa ili asiniaibishe, na anarudishwa na nani?"

Mzee Mutua alitazama kilima cha ng'ambo kana kwamba kuna mtu huko anamwita. Mwisho akainuka, akawazunguka mbuzi, akamwinamia yule wa madoa akamshika sikio.

"Ni huyu aliyekula maua ya D.C.?"

"Ndiye, mzee," nikasema.

"Huyu mfungeni karibu na mlango wangu," akasema, "nataka kumwona kila asubuhi."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke, kwa kutetewa mara mbili na mtu ambaye nilikaa miaka bila kumwona uso, na hata kumshukuru sikuruhusiwa, ila kwa kupitisha maneno kwa binti yake, na maneno hayatoshi. Gari nililirudisha Nairobi bila mkwaruzo. Lakini tangu siku ile siingizi gari katikati ya mji wowote, Kitui, Machakos, hata Malili penye maduka manne, nalisimamisha nje kabisa vumbini tunatembea, na Kalunde akinung'unika kwamba mzigo ni mzito na jua ni kali, namwambia twende tu mama, miguu haina samansi.